Kabla Hujatoa Hela, Kunja Karatasi Kwanza

Juzi jioni nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari huko Kondoa. Ameandika: "Shikamoo dada. Nimeanza masomo ya uzamili, nasoma usiku watoto wakishalala. Kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 kinaniumiza macho na chaji haikai. Naambiwa kuna vifaa vya kusomea vitabu tu. Ninunue kipi?"

Marahaba, mwalimu wangu. Ujumbe wako umenikuta wiki ileile niliyokabidhi tasnifu yangu, nakala tatu zenye jalada la bluu, bado zinanukia gundi. Nimeurudia mara mbili, kwa sababu swali lako mimi nililikosea, na kosa lile liliniaibisha mbele za watu.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Dodoma, ofisi iko Mtumba, nyumbani ni Area C. Nilipoanza uzamili muda wangu wa kusoma ulikuwa garini na usiku, basi. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na kifaa cha kusomea vitabu, cha inchi 6. Asubuhi kwenye daladala jua la Dodoma lilikipiga kioo chake moja kwa moja, na maandishi yakazidi kuonekana, kama gazeti. Sisi wenye simu tulikuwa tunajikinga kwa viganja. Nikakitamani. Nikamwagiza binamu yangu Kariakoo, laki tatu na ishirini, kimetumika lakini safi. Wiki ya kwanza nikamaliza riwaya mbili, nikajiona nimefika.

Kumbe riwaya hazikuwa kazi yangu. Utafiti wangu ulihusu ukame na ufugaji hapa Ugogo, na nusu ya niliyotakiwa kusoma ni ripoti za zamani zilizopigwa kwa taipureta, zikaja kuskaniwa zikawa PDF, ukubwa wa A4. Nyingine ni makala za majarida zenye safu mbili kila ukurasa. Sasa, PDF ni kama picha: ukurasa umeshapangwa, hauchezi. Faili la EPUB ni tofauti, ukikuza herufi mistari inajipanga upya kufuata kioo. PDF ukiikuza unabaki kuisogeza kwa kidole. Unasogeza kulia, kioo kinapepesa cheusi, kinasita, ndipo maneno yanarudi. Ukimaliza safu ya kushoto unapanda tena juu kutafuta mwanzo wa safu ya kulia, na ulichokuwa unakisoma kimeshakutoka. Jedwali la idadi ya ng'ombe nilikuwa naliona kipande kipande, namba huku, miaka ya namba hizo kule.

Nikaambiwa dawa yake ni kuzigeuza zile PDF ziwe maandishi yanayojipanga. Nikageuza zaidi ya arobaini. Herufi zikakua, nikafurahi, nikaanza kupigia mistari. Sikuona kwamba namba za kurasa zimepotea. Kila nilichokiwekea alama kifaa kilikihifadhi kwa namba yake ya mahali, elfu moja na kitu, ambayo kwenye ripoti halisi haipo. Maelezo mengine nikayaandika kwenye madaftari manne, mengine nikayapiga picha kwa simu.

Siku ya kutetea pendekezo la utafiti, mmoja wa wajumbe wa jopo akaniuliza, "Takwimu hii umeitoa ukurasa wa ngapi?" Nikafungua daftari la kwanza. La pili. Nikawasha kifaa. Watu wanasubiri. Akasema, "Anayesoma kweli anajua alichosoma kiko wapi," huku akigonga meza kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesoma, Mungu ni shahidi. Nimesoma mpaka saa nane za usiku miezi mitano. Sentensi ile bado naisikia, na sidhani kama alikuwa na haki ya kuisema vile mbele ya wenzangu. Nikarudishwa kurekebisha, muhula mzima ukaenda.

Zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangiana hela ofisini, ilipofika sikununua sofa. Nilinunua kifaa cha inchi 10.3 chenye kalamu, zaidi ya milioni moja. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Ripoti ya kwanza niliyoifungua ilijaa kioo kizima, pambizo zake zote zinaonekana. Nikaandika pembeni kwa mkono, "Mbona mwaka huu mvua hazikutajwa?" Kalamu ikakwaruza taratibu kama penseli kwenye daftari, na swali likakaa hapohapo, kando ya aya yake, ukurasa wa 31. Nililia kidogo.

Kwenye utetezi wa mwisho niliulizwa tena kuhusu ukurasa. Nilifungua, nikageuza kioo kumwelekea aliyeuliza. Hata nusu dakika haikufika.

Kwa hiyo naongea kama dada yako, na naomba unisikie: usianze na jina la kifaa. Anza na kile ulichosoma mwezi uliopita. Fungua simu yako uhesabu, PDF ngapi, vitabu vya kawaida vingapi. Halafu chukua karatasi ya A4. Ikunje mara moja: hapo una A5, karibu sawa kabisa na kioo cha inchi 10.3. Ikunje tena: hiyo ni kama inchi 7, na inchi 6 ni ndogo zaidi ya hapo. Kisha nenda steshenari, waambie wakutolee makala yako moja kurasa mbili kwenye karatasi moja, na nyingine kurasa nne kwenye karatasi moja. Zisome usiku, kwenye taa yako ileile. Macho yako yatakujibu kuliko muuzaji yeyote, na umetumia shilingi mia chache tu.

Baada ya hapo tazama mkono wako. Kama wewe ni wa kupigia mstari na kuendelea, kifaa kidogo cha kusomea, Kindle ya kawaida au Kobo ndogo, kinatosha. Hizo ni nyepesi, kama gramu 200, na kioo chao ni cha wino wa elektroniki, kile kinachosomeka kama gazeti juani: wino huo hula umeme ukurasa unapogeuzwa, ukitulia hauli kitu. Kobo inafungua EPUB moja kwa moja, Kindle tangu 2022 inaipokea ukiituma kwa huduma yao ya Send to Kindle. Kama wewe ni kama mimi, huelewi mpaka uandike, unahitaji kalamu na kioo kikubwa: Kindle Scribe, Kobo Elipsa, au Boox, ambayo inatumia Android na inakubali programu nyingi, ila chaji yake huisha upesi zaidi. Ya reMarkable 2 inasifiwa sana kwa kuandikia, lakini haina taa. Umeme ukikatika saa mbili usiku utaishia kuitazama. Vya rangi visikuvute bado. Vingi vina nukta 300 kwa inchi kwenye nyeusi na nyeupe, ndizo zinazofanya herufi zionekane kali, ukija kwenye rangi zinashuka hadi 150.

Na swali ambalo hakuna aliyenifundisha kuliuliza: nikishaandika, maandishi yangu yanatokaje humo? Yanatoka kama PDF yenye namba zake za kurasa, au kama orodha ya vipande? Muuzaji akibabaika, ondoka. Usimwonee aibu, hela ni yako.

Jambo dogo la huku kwetu. Mwezi wa nane upepo unapoanza, vumbi linakaa kwenye kioo usilione. Ukiandika juu yake, ile chembe ya mchanga inakuwa kucha. Mkwaruzo wangu uko kona ya juu kulia, urefu wa punje ya mchele, na kila nikifungua nauona. Futa kwa kitambaa laini kila mara, na uagize ncha za akiba za kalamu maana zinaisha.

Kwako wewe, mwalimu, umesema ni uzamili, na wa usiku. Mimi nakushauri kikubwa chenye taa na kalamu, hata kama itabidi usubiri zamu mbili za mchezo. Muhula huu fanyia kazi steshenari, kurasa mbili kwenye karatasi moja, na uandike pembeni kwa penseli. Kishikwambi baki nacho kwa video na mitihani ya wanafunzi. Ukipita Dodoma nitumie ujumbe kabla. Changu utakishika, ufungue ile ripoti ya ng'ombe, ujaribu kalamu kwa mkono wako mwenyewe.