Kalamu yangu kwenye soketi

Jumapili iliyopita shemeji yangu alikuja kututembelea na binti yake wa darasa la sita. Simu ya binti ilikuwa inazima, chaja yake ni ya pini 2, na soketi yetu ina matundu 3. Akaomba kalamu. Kabla sijafungua mdomo, mwanangu wa miaka 9 akamwambia, "Dada, sisi hapa hatuchokonoi soketi," akaingia chumbani na kutoka na adapta. Nilitoka nikasimama barazani. Machozi yalikuwa yananilenga, sikutaka wageni waone.

Sababu ni jambo lililotupata miaka 4 iliyopita.

Ukiitazama soketi ya kwetu Tanzania utaona tundu moja juu, mawili chini. La juu ni la ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Yale ya chini yana vifuniko vidogo kwa ndani, na pini ya juu ya plagi imefanywa ndefu makusudi ili itangulie kuingia na kuvifungua. Vifuniko hivyo viliwekwa ili kuwakinga watoto. Mimi kila jioni nilivifungua kwa kalamu, mbele ya mwanangu, nikachomeka chaja yangu ya pini 2, nikalala kwenye kochi.

Siku hiyo nilisikia mlio, kisha kilio. Alikuwa ameweka kalamu tundu la juu, kama baba. Halafu akachukua msumari kulichokonoa la chini, maana alidhani kila tundu lina mlango wake. Umeme ulimrusha nyuma. Vidole 2 viliungua, na usiku ule tulilala hospitali wakimwangalia mapigo ya moyo. Nilipomuuliza alikuwa anataka nini, alinijibu, "Nilitaka kukuchajia simu, baba."

Dada yangu mkubwa alinipigia akasema, "Wewe ndiye uliyemfundisha." Maneno yale yaliniuma mwaka mzima kwa sababu yalikuwa kweli.

Kosa langu la pili lilikuwa kumtisha. Umeme unaua, usiguse, toka hapo! Akawa anaogopa hata kuwasha taa ya chumbani, lakini siku moja nikamkuta anaanika soksi mbichi nyuma ya friji. Woga anao, maarifa hana. Kaka yake naye alikuwa na daftari la shule lenye maelezo mazuri kabisa, kondakta ni kitu kinachopitisha umeme, insuleta ni kisichopitisha, na aliyasema bila kukosea neno. Nikamwuliza, penseli je? Akajibu ni mti, haipitishi.

Ndipo nikanunua betri 2 kubwa za tochi, kibalbu chake na nyaya. Nikaunganisha, nikaacha pengo kati ya ncha mbili za waya, nikawaambia walete chochote cha ndani kwetu tukiweke kwenye pengo. Kijiko, balbu ikawaka. Sarafu, ikawaka. Ndala, kitana, kipande cha kanga, kimya. Ya kalamu niliingojea mimi mwenyewe: mwili wa plastiki, kimya, lakini walipogusisha waya zote mbili kwenye ile ncha ya chuma, ikawaka. Mdogo akanitazama, hakusema kitu. Penseli tuliichonga pande zote mbili, tukagusisha waya kwenye ule moyo mweusi wa katikati, balbu ikawaka kwa unyonge, na kaka mtu akaenda mwenyewe kurekebisha daftari lake.

Hapo kwenye maji nataka unisikilize vizuri, mzazi mwenzangu, maana ndipo ningeweza kuwapoteza watoto tena. Tuliweka ncha za waya kwenye kikombe cha maji ya chumvi, balbu haikuwaka. Mdogo akapiga makofi: maji hayapitishi! Nilishtuka. Nikatoa balbu, nikaweka kile kitaa chekundu cha LED kutoka kwenye gari bovu la kuchezea, ambacho kinahitaji umeme kidogo sana (kisipowaka, geuza miguu yake, kina upande). Kikawaka hafifu ndani ya chumba chenye giza. Basi nikawaeleza: betri hizi zina volti 3 tu, ukutani kuna 230. Kinachopita kwa shida kwenye betri, ukutani kinapita na kuua. Ngozi kavu inaukinza umeme kiasi, ikilowa ukinzani wake unashuka sana. Ndiyo maana swichi haishikwi kwa mikono yenye maji, na mti mkavu unaokinga leo, kesho ukinyeshewa haukingi.

Majaribio yote ni kwa betri, na hili nalirudia: kwa betri tu, kamwe si kwa waya wa ukutani, hata uwe umesimama pembeni. Na wewe mwenyewe uache kuchokonoa soketi. Wazazi tunakesha kutafuta ada za shule nzuri, kisha jioni tunamfundisha mtoto bure, kwa mkono wetu, jinsi ya kufa. Nunua adapta. Waya uliochubuka ubadilishwe na fundi, usifungwe mfuko wa plastiki. Heta ya ndoo haiachwi na mtoto hata dakika moja.

Jambo la mwisho tunalofanya nyumbani ni zoezi. Najilaza sakafuni, mmoja anapiga kelele, "Baba amenaswa na umeme!" Mara ya kwanza wote walinikimbilia na kunishika, na ingekuwa kweli tungekwenda pamoja. Siku hizi mkubwa anakimbilia meni swichi, ile inayozima umeme wa nyumba nzima, na yule aliyeungua vidole anasimama mlangoni, mikono ameitanua, akimzuia mama yake asinisogelee mpaka kaka aseme, "Nimezima."