Maswali ya Wasomaji: Tabaka Limepakiwa, Mbona Ramani Haionyeshi Kitu?

Swali: Nimetengeneza ramani ya wavuti kwa Leaflet, maktaba ya JavaScript ya kuchora ramani. Ramani ya msingi inaonekana vizuri, lakini nikiongeza faili langu la GeoJSON (data ya kijiografia iliyoandikwa kwa maandishi) lenye visima, sioni nukta hata moja, na wala hakuna ujumbe wa hitilafu. Nimekosea wapi?

Jibu: Kama konsoli ya kivinjari, panapoonekana ujumbe wa hitilafu, haina malalamiko, nukta zako huenda zipo, ila zimekaa mahali usipotazama. Iulize programu yenyewe. Palepale kwenye msimbo unapoongeza tabaka baada ya data kufika, weka mstari huu:

`console.log(tabaka.getBounds().toBBoxString())`

Utapata namba nne kwa mpangilio huu: magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Zisome kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukiona namba kama 530000 na 9245000, hizo si digrii, ni mita; data yako bado imo katika mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita, au mwingine wa aina hiyo. GeoJSON, kwa kiwango cha RFC 7946 cha mwaka 2016, inataka digrii za WGS 84, mfumo wa longitudo na latitudo unaotumiwa na GPS, ambao namba yake ni EPSG:4326. Fungua data katika QGIS, programu ya kompyuta ya kushughulikia ramani, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye jina la tabaka, lihifadhi kama faili jipya la GeoJSON, na hapohapo uchague EPSG:4326. Tafadhali usiishie kubadilisha mfumo kwenye sifa za tabaka, maana hapo unabadilisha lebo tu na namba zinabaki zilezile. Ni kama kuandika "kilo" juu ya mzigo uliopimwa kwa ratili. Lebo hiyo huigusi ila pale data ilipokuja kama shapefile (aina nyingine ya data ya ramani) na faili lake la .prj, linalotaja mfumo, limepotea: kwanza itambulishe QGIS mfumo wa asili, ndipo uhifadhi upya.

Ukiona digrii za kawaida, shuku mpangilio. Ndani ya GeoJSON longitudo hutangulia, ilhali `L.marker` ya Leaflet hutaka latitudo kwanza. Paris huandikwa [2.35, 48.86] kwenye GeoJSON; zigeuze namba hizo, na mji mzima unaangukia Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani ya Somalia. Na zikiwa sifuri tupu, nukta zimerundikana Ghuba ya Guinea: mara nyingi jedwali lako lilikuwa na safu wima zisizojazwa.

Swali: Nikibofya faili la HTML kwenye kompyuta yangu, tabaka halipakiwi, na konsoli inataja CORS, kanuni ya kivinjari kuhusu kusoma data kutoka mahali pengine. Data yenyewe ni nzima.

Jibu: Anwani yako inaanza na `file://`, na kivinjari hakiruhusu ukurasa wa namna hiyo kusoma faili jingine kwa `fetch`. Ingia kwenye folda ya ramani, endesha `python -m http.server 8000`, kisha fungua `localhost:8000`. Ikiwa data iko kwenye seva ya mtu mwingine, ni seva hiyo inayopaswa kutuma kichwa cha ruhusa, `Access-Control-Allow-Origin`. Msimbo wako hauwezi kulazimisha. Njia nyepesi ni kunakili data, kama leseni inaruhusu, na kuiweka kwako.

Swali: Poligoni zangu za viwanja zina ukubwa wa MB 48. Kivinjari kinaganda.

Jibu: Leaflet kwa kawaida huchora kila umbo kama kipande chake cha SVG (mchoro ulio sehemu ya ukurasa), na maelfu ya vipande hulemea ukurasa. Weka `preferCanvas: true` unapounda ramani, ili maumbo yachorwe pamoja kwenye turubai moja. Kisha punguza uzito wa faili: futa safu wima zisizotumika, na ubakize desimali 6 kwenye viwianishi. Desimali ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, na hakuna haja ya kubeba desimali 15 kwa data iliyopimwa kwa simu. Zana iitwayo Mapshaper hurahisisha mistari bila kuacha nyufa kati ya viwanja vinavyopakana, jambo ambalo zana zinazoshughulikia kila poligoni peke yake hushindwa. Anza kwa kubakiza asilimia 20 ya nukta za mistari, ukague pembe za viwanja vidogo kabla ya kushuka zaidi.

Kama bado ni kubwa, tengeneza vigae vya vekta (data iliyokatwa vipande vidogo) kwa programu ya tippecanoe na uvionyeshe kwa MapLibre, maktaba nyingine ya ramani za wavuti. Kivinjari kitapakua tu sehemu inayotazamwa.