Waache waone stoo kwanza: namna ya kuchagua kampuni ya kukutengenezea mfumo

Kampuni itakayokutengenezea mfumo wa kompyuta unaoifaa biashara yako huomba kuja stoo kabla ya kutaja bei. Nimesimamia kazi hii katika biashara yetu ya familia ya vipuri vya magari na pikipiki, yenye maduka Dar es Salaam na Mbeya, na baadaye nimekaa na wafanyabiashara wenzangu kadhaa walipokuwa wakichagua kampuni zao. Mara zote kigezo hicho kimenisaidia kuliko kingine chochote.

Tulipoeleza kwamba tunatafuta mfumo wa mauzo na stoo, kampuni moja ilituletea proforma kesho yake asubuhi. Ilikuwa na kurasa nyingi, nembo za wateja wakubwa na orodha ndefu ya vitu ambavyo mfumo ungefanya. Ndani yake hapakuwa na jambo hata moja linalotuhusu sisi. Ungefuta jina letu, ungeweza kuipeleka kwa mwenye shule au mwenye hoteli. Kampuni nyingine, ya vijana wachache, ilijibu kwamba haiwezi kusema bei mpaka ione kazi inavyokwenda. Wakaja wawili: mmoja akaketi kando ya keshia, mwingine akashinda na mzee wetu wa stoo.

Swali lililonifanya niwaamini lilikuwa dogo. "Mzee, mteja akirudisha plagi aliyonunua jana, unaandika wapi?" Mzee akajibu, "Siandiki, namfahamu." Kijana hakucheka wala hakumsahihisha. Akaandika, akauliza na jingine. Mpaka jioni yalikuwa yametoka mengi. Filta moja ya mafuta ina majina matatu: la kiwandani, la mafundi wa gereji, na lile wanaloliita Mbeya. Mteja wa jumla hulipa kiasi taslimu, kiasi kwa Lipa Namba, na salio likaingia kwenye daftari la madeni. Mzigo wa Mbeya hupandishwa basi usiku, ukipokelewa pungufu asubuhi hakuna anayejua upungufu umetokea upande gani. Mfumo usiojua mambo haya, hata ukiwa mzuri wa kutazama, keshia atauacha baada ya muda mfupi arudi kwenye daftari, nawe utabaki na hesabu mbili za biashara moja.

Kwa hiyo mnapokutana, usianze kwa kusema "nataka aplikesheni". Weka mezani karatasi mnazotumia kweli: daftari la madeni, hati za kupokelea mzigo, hesabu ya stoo ya mwezi uliopita. Kisha nyamaza uwasikilize. Wanauliza nani atautumia? Ana simu ya aina gani? Nani anaruhusiwa kupunguza bei, na bosi akisafiri inakuwaje? Mtu anayejibu "hilo linawezekana" kwa kila kitu ananitia wasiwasi. Vijana wale walituambia tusitengeneze programu ya simu ya wateja mpaka hesabu ya stoo iwe sahihi, kwa sababu mteja angeagiza kitu ambacho hakipo. Walijinyima kazi ya pesa nyingi kwa kusema hivyo, na walikuwa sahihi.

Kuna swali moja ninalomshauri kila mtu aulize. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba vibaya Tanzania na kwa majirani zetu. Waulize: siku kama ile, duka langu lingeuza? Jibu zuri lina maelezo: mauzo yanahifadhiwa kwenye kompyuta ya dukani, mtandao ukirudi yanapanda yenyewe, na maduka mawili yakiwa yameuza kifaa kilekile cha mwisho, mfumo unaonyesha mgongano badala ya kuuficha. Wakikujibu tu kwamba intaneti siku hizi ni nzuri, waage kwa heshima.

Swali la pili ni la TRA. Risiti itatokaje? Kama mfumo wa mauzo hauunganishwi na utoaji wa risiti za kielektroniki, iwe kwa mashine ya EFD au kwa VFD, yaani programu inayofanya kazi ya mashine hiyo, keshia atapiga kila mauzo mara mbili, na siku foleni ikiwa ndefu atapiga mara moja tu. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakueleza hatua zake bila kubabaika. Kwa wasomaji wa Kenya, swali ni lilelile kuhusu eTIMS ya KRA.

Nikiwa kwenye kodi, soma proforma kwa makini. Je, VAT ya asilimia 18 imo au itaongezwa juu? Na mkubaliane mapema kuhusu kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo na kuipeleka TRA, kwenye ada ya huduma: asilimia 5 kwa kampuni ya hapa nchini na 15 kwa ya nje, maana nimeona urafiki ukiharibika siku ya malipo ya kwanza kwa sababu kila upande ulidhani mwenzake ndiye ataibeba.

Usajili wa BRELA, TIN na leseni ni vya kuangalia, lakini vinakuambia kwamba kampuni ipo, havikuambii kama inajua kazi. Kujua hilo, omba wakupeleke kwa mteja anayetumia mfumo wao kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukifika, msalimie mwenye duka, kisha omba ruhusa uongee na keshia. Muulize mara ya mwisho mfumo uligoma lini, alimpigia nani, na alisubiri muda gani. Dakika kumi za mazungumzo hayo zinazidi maonyesho yoyote ya kwenye projekta.

Jambo ninaloliwekea mkazo kuliko yote, na ambalo wengi hulikumbuka baada ya kugombana, ni umiliki. Mfanyabiashara mwenzangu alitengenezewa tovuti ya kuuzia bidhaa na mfumo wake. Walipokosana na watengenezaji, aligundua kwamba domeini, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina lao, seva inalipiwa kwa kadi yao, na programu ya simu iko kwenye akaunti yao ya Google. Yeye alikuwa na nenosiri la kuingilia tu. Aliishia kulipa upya kwa vitu alivyoamini ni vyake.

Fungua akaunti hizo mwenyewe, kwa barua pepe ya kampuni yako, kisha wape watengenezaji ruhusa ya kufanyia kazi. Akaunti ya kuweka programu kwenye Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kwa mwaka. Ni pesa ndogo ukilinganisha na kukosa mlango wa biashara yako. Funguo za kuunganisha Lipa Namba ziwe mikononi mwako pia. Msimbo wa programu, yaani maandishi yanayoujenga mfumo, uwe unaingia kwenye akaunti yako tangu wiki ya kwanza, usisubiri kukabidhiwa mwishoni, na mkataba useme wazi kwamba ukishalipwa ni mali yako. Kabla ya malipo ya mwisho, mlipe kidogo fundi mwingine asiyehusika ajaribu kuuwasha mfumo kwenye kompyuta nyingine kwa kufuata maelekezo waliyoandika. Akishindwa, kazi haijakabidhiwa.

Kuhusu taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Namba za simu na madeni ya wateja wako ni jukumu lako hata kama zimehifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine. Uliza zinakaa wapi, nani anaziona, na nakala za akiba zinajaribiwa lini.

Malipo tuliyagawa kwa awamu: kiasi kidogo siku ya kusaini, sehemu nyingine kila kipande kilipofanya kazi dukani kwetu, kwa bidhaa zetu na keshia wetu, na asilimia 15 ikabaki mpaka tulipofunga hesabu za miezi mitatu ndani ya mfumo. Kampuni makini haikatai mpango wa namna hii, bali itakutaka nawe ulipe kwa wakati na umteue mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua. Mpe huyo mtu nafasi, maana kazi nyingi hukwama kwa mteja asiyejibu.

Mwisho, mkataba wa matunzo usainiwe siku moja na ule wa kutengeneza, bei bado ikijadilika. Uandike tofauti kati ya kosa la mfumo, linalorekebishwa bila malipo, na ombi jipya, linalolipiwa. Uandike pia simu ipigwe kwa nani na ijibiwe ndani ya saa ngapi, Jumamosi ikiwemo. Kwetu Jumamosi ndiyo siku mafundi wa gereji wanapokuja kununua.