GMAT kwa mtu wa HGL aliyeachana na hesabu form four

Mkuu nimelisoma swali lako lote. Ulisoma HGL, hesabu uliiaga form four na hujaikumbuka tena, saivi uko benki mwaka wa nne, unataka MBA ya Ulaya kwa round ya January (awamu ya maombi ya chuo), na unauliza vitu vitatu: hesabu ya GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA, utaiweza, au ukimbilie GRE, mtihani mwingine ambao vyuo vingi vinaupokea badala yake, na ile kosi ya onlaini ya dola mia kadhaa uilipie ama uache. Najibu kwa nilivyopita mwenyewe, na mimi nilikuwa HKL kwaiyo usidhani anayekushauri ni mtu wa PCM anayesema "mbona rahisi".

Kabla ya yote, ukiingia YouTube au ukipewa vitabu na waliofanya zamani, angalia mwaka. Pepa ilibadilika November 2023 (mwanzoni waliiita GMAT Focus), ile ya zamani ikazikwa mwisho wa January 2024. Saivi hakuna insha, hakuna yale maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yaliyokuwa yanawatoa watu jasho, na jiometri imeondolewa. Kwaiyo mtu akikurithisha kitabu cha 2019 mshukuru, ila sehemu kubwa ya humo haitakuja. Zimebaki sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, vebo (verbal, ya kusoma na hoja za Kiingereza) maswali 23, na Data Insights (kuchambua taarifa na takwimu) maswali 20. Jumla masaa mawili na robo, na mapumziko ya dakika 10 ukitaka. Ipi ianze unapanga mwenyewe. Maksi zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5, so ukisikia mtu anasema alipata 700 ujue anaongelea pepa ya zamani, 700 ile kwa sasa iko kama 645 hivi. Nalisema hili maana kuna watu wanapata 635 kwenye mazoezi wanajiona wamefeli, kumbe wako pazuri tu.

Alafu kingine ambacho watu wa arts hatuambiwi: sehemu zote tatu zina uzito sawa, kila moja inasahihishwa 60 mpaka 90. Yaani hesabu tupu ni theluthi moja tu ya pepa. Vebo ni theluthi nyingine, na Data Insights nusu yake ni kusoma majedwali, grafu na maelezo na kujua upuuzie nini. Mtu wa benki anayesoma ripoti kila siku hapo una mtaji tayari.

Haya, hesabu sasa. Topiki ni zile zile za O-level, asilimia, uwiano, vipeo, namba tasa, wastani, mwendo na muda, uwezekano, milinganyo ya kawaida. Hakuna logi wala trigonometria. Ukikaa nazo wiki kadhaa zinarudi, amini. Ugumu uko kwingine, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Sisi wote tumelelewa na NECTA. Kule unaonesha njia, unapata maksi za njia hata jibu likikataa, na swali gumu unaweza ukaling'ang'ania ukalirudia mara tatu. GMAT njia yako haiioni kabisa, inaona jibu na inaona saa basi. Una dakika mbili na sekunde chache kwa swali. Na pepa inakufuata, ukipatia inakuletea gumu zaidi, kwaiyo hata mtu mkali vipi atafika mahali atakutana na maswali yanayomshinda, imetengenezwa hivyo. Anayetusua ni yule anayeweza kulitazama swali, akaona hili litanila dakika tano, akabahatisha na kusonga mbele bila roho kumuuma. Huwezi kuruka ukaacha wazi ukarudi baadae, lazima ujibu ndo linakuja lingine, ila unaweza kuliwekea alama, na mwisho wa sehemu kama muda umebaki unarudi kuangalia na unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu. Na maswali uliyoacha mwishoni bila kujibu yanakuadhibu, so ukiona dakika imebaki moja na maswali matatu, bonyeza chochote ufike mwisho.

Ngoja nikupe mfano uone pepa inavyokamata watu. Data Insights ina maswali yanaitwa Data Sufficiency, haya hayakuulizi jibu ni ngapi, yanakuuliza taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu au hazitoshi. Hili nimelitunga mwenyewe: Mtu kanunua chupa za soda za sh 700 na chupa za juisi za sh 1,300. Soda alinunua ngapi? Taarifa ya kwanza, alitumia jumla sh 9,400. Taarifa ya pili, chupa zote zilikuwa 10. Machaguo siku zote ni yale yale mpaka utayaota: A ya kwanza peke yake inatosha, B ya pili peke yake inatosha, C mpaka uziunganishe, D kila moja inajitosheleza, E hata ukiziunganisha hazitoshi.

Mtu wa NECTA anaona vitu viwili visivyojulikana, anakumbuka mwalimu alisema hapo unahitaji milinganyo miwili, anaweka C fasta na anaenda zake ana furaha. Jibu ni A. Maana hakuna anayenunua nusu soda. Jaribu juisi moja, inabaki 8,100 haigawanyiki kwa 700. Mbili inabaki 6,800 haigawanyiki. Tatu 5,500, hamna. Nne inabaki 4,200, soda sita kamili. Tano 2,900 hamna, sita 1,600 hamna, saba 300 hamna, na bila juisi kabisa 9,400 nayo inakataa. Njia ni moja tu, soda sita. Taarifa ya pili peke yake haikupi kitu. Umeona hesabu iliyotumika hapo ni ya kugawanya ya shule ya msingi, ila aliyekariri kanuni ya milinganyo miwili kashaanguka.

Ndo maana huwa nabishana na watu wanaojisifu wamesolve maswali elfu mbili. Pasti pepa za kukimbizana nazo zinafanya kazi NECTA kwasababu maswali yanafanana, huku ukikosa swali ukasoma maelezo ukasema "aah kumbe" ukaendelea, kesho utakosa lile lile limevaa nguo nyingine. Mimi nilinunua kaunta buku, kila swali nililokosa au nililopatia kwa kubahatisha naliandika na safu tatu: lilihusu nini, nilichagua lile jibu kwa sababu gani, na kwenye swali kulikuwa na neno gani ambalo lingenistua mapema. Hiyo safu ya tatu ndo dhahabu. Jumapili nayarudia yote ya wiki bila kuangalia majibu. Baada ya muda ukisoma lile daftari unaona makosa yako ni machache yanajirudia tu, kwangu ilikuwa kusahau kwamba x inaweza kuwa sifuri au hasi au sehemu, na kusoma "angalau" kama "zaidi ya". Kanuni zenyewe nilikuwa nazijua.

Kalkuleta: kwenye hesabu haipo, kwenye Data Insights ipo kwenye skrini ila ukiitegemea inakuchelewesha. Kwaiyo rudisha hesabu za kichwa. Vipeo vya pili mpaka 25 uvijue, moja ya nane ni 12.5%, vitu kama hivyo. Foleni ya Dar ilinisaidia aisee, nikiwa kwenye daladala nachukua namba za gari la mbele, mfano 486, naiuliza inagawanyika kwa 3? kwa 9? nne na nane na sita ni 18, basi kwa 9 inagawanyika, haya ivunje mpaka namba tasa, ni 2 mara 3 kipeo cha tano. Konda anakuona umekodoa macho anahisi una stress za kodi, we endelea.

Vebo imebaki na vitu viwili, kusoma kifungu na kujibu, na maswali ya hoja. Kwenye hoja sisi tunaumia kwa sababu tunaleta ya kwetu. Chukua hoja kama hii: manispaa iliweka taa kwenye barabara fulani, mwaka uliofuata ajali za usiku zikapungua, kwaiyo taa ndo zimepunguza ajali. Lipi linaidhoofisha hoja? Chaguo moja litasema madereva wengi hawafuati sheria za barabarani. Unasoma unasema kweli kabisa hiyo ndo Tanzania yetu, unaichagua. Umeliwa. Ni kweli lakini haigusi hoja. Lingine litasema mwaka huo huo malori yalizuiwa kupita barabara hiyo usiku. Hilo ndo lenyewe, linaleta sababu nyingine ya ajali kupungua. Kabla hujaangalia machaguo jiulize kwanza, huyu mtu ametoka kwenye ushahidi upi kwenda kwenye hitimisho lipi na katikati karuka nini. Kusoma vifungu zoea magazeti ya Kiingereza mazito ya uchumi na sayansi, dakika kumi na tano kila siku, maana vifungu vyao vinakuwa vikavu makusudi.

Ratiba: kwa mtu wa kazini miezi mitatu mpaka minne, saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi. Usiku ukitoka benki ubongo umeshachoka na migogoro ya wateja, unasoma ukurasa mara nne. Kwa round ya January hakikisha pepa umeifanya kufikia October au November mwanzoni, kwasababu ukitaka kurudia lazima zipite siku 16, na bado kuna insha za chuo na watu wa kukuandikia barua, nao kuwafuatilia ni kazi nyingine. Mba.com, tovuti rasmi ya GMAT, wana pepa za mazoezi rasmi sita, mbili za bure. Ya kwanza ifanye wiki hii hii kabla hujasoma chochote, ikuumbue mapema. Ya pili itunze mpaka umeshasoma kweli, usiimalize kwa kuichezea.

GRE? INSEAD, London Business School, HEC Paris wote wanapokea zote mbili, kwaiyo hakuna anayekulazimisha. GRE ina kalkuleta, unaruhusiwa kuruka swali ukarudi ndani ya sehemu ile ile, na ni fupi, chini kidogo ya masaa mawili. Ila ina jiometri, ina insha, na ina misamiati ambayo hata Mwingereza anaifungulia kamusi. Kwa mtu aliyesoma Language A-level na anayependa maneno inaweza kukufaa. Kwa mtu anayesoma ripoti na kuchukia kukariri, baki GMAT. Fanya pepa moja ya bure ya kila upande wikendi mbili, utajua bila kumuuliza mtu. Usihame hame tu baada ya hapo. Alafu wanaopanga kwenda na Chevening (skolashipu ya serikali ya Uingereza), wao wenyewe hawaulizi GMAT, ila chuo unachokichagua kinaweza kuitaka, soma ukurasa wa chuo.

Siku ya pepa: jina kwenye akaunti lifanane na la kwenye pasipoti, sisi wenye majina matatu ambayo cheti kina mawili hapa ndo tunarudishwa mlangoni. Ukifanyia nyumbani hakikisha una umeme wa akiba na intaneti isiyoyumba, na chumba ambacho mtoto wala dada wa kazi haingii hata kuchukua chaja. Mimi nilienda kituoni Nairobi, nikalala siku moja kabla, sikutaka kuwaza umeme. Kituoni wanakupa karatasi za plastiki na maka pen, zoea kuandikia kitu kama hicho nyumbani maana wino unachafuka mkononi na unapoteza muda kufuta. Ukishaona maksi unaweza kutuma kwenye vyuo vitano bure ndani ya masaa 48, kwaiyo hulazimiki kuchagua vyuo gizani kabla. Matokeo yanaishi miaka mitano.

Kuhusu kosi, usilipie sasa. Anza na Official Guide (kitabu rasmi cha mazoezi) ya toleo jipya, zile pepa za bure, na jukwaa la mtandaoni la GMAT Club ambako karibu kila swali rasmi lina maelezo ya watu kumi tofauti. Piga wiki sita hivyo na daftari lako. Daftari likionesha tatizo ni kwamba topiki zenyewe huzijui, hapo tafuta kosi ya kulipia kwa mwezi, lipa mwezi mmoja, chukua ulichokosa, sitisha. Likionesha unazijua ila unakosa kwa kusoma vibaya au muda, kosi ya dola mia nane haikusaidii, huyo anayekuuzia atakufundisha asilimia ambazo ushazijua.

Ukishafanya ile pepa ya kwanza ya bure weka hapa maksi za sehemu zote tatu, usiweke jumla tu, tuone ipi inakuvuta chini.