Kijana wa stoo hajibu ujumbe usiku

SWALI: Shikamoo dada. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma. Tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na mchana kila mtu ana saa moja ya kula. Wiki iliyopita gari la saruji liliingia saa tatu usiku. Nikamtumia kijana wa stoo ujumbe aje kufungua. Tiki zikawa bluu, kimya. Asubuhi ananiambia, "Bosi, nilikuwa nimeshatoka kazini." Mimi kwa tajiri wangu wa zamani nililala juu ya magunia nikisubiri mzigo, na sikufa. Keshia naye anadai likizo yake yote kwa mkupuo. Hivi vijana wa siku hizi wanataka kazi au wanataka mshahara?
Mfanyabiashara, Mwanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wanataka vyote viwili, na wewe enzi zako ulivitaka, ila hukuthubutu kumwambia tajiri.

Nimefanya kazi ya utumishi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nianze na hesabu. Saa mbili hadi kumi na moja ni saa 9. Toa ya chakula, zinabaki 8. Mara siku 6, unapata 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Maana yake, hata gari la saruji lisipoonekana, kila wiki una saa 3 za watu mkononi. Unawalipa? Barua yako haisemi, na mimi nina wasiwasi wangu. Jumamosi funga saa saba mchana, hesabu itakaa sawa. Hutaki, basi lipa ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Ovataimu yenyewe ni ya makubaliano. Na tuseme kijana angekuja, mkamaliza kushusha saa sita usiku. Kwa kawaida anatakiwa apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena, yaani arudi saa sita mchana. Wewe ungemtaka saa mbili asubuhi awe kaunta, usinibishie.

Sasa hayo magunia. Baba yangu alivua dagaa Kibirizi, enzi za karabai. Watu husema wazee wale hawakujua kupumzika. Walijua sana! Mbalamwezi ikipamba moto taa haivuti dagaa, basi mitumbwi ilikaa nchi kavu, nyavu zikatandazwa zishonwe, na harusi za mtaani zikapangwa siku hizohizo. Baba alipumzika kila mwezi bila kumwomba mtu ruhusa, na akiwa nyumbani alikuwa nyumbani kweli. Kijana wako simu inamwita usiku na mchana, tena bando ananunua mwenyewe.

Jambo moja niko upande wako: kusoma ujumbe wa mkubwa wako na kunyamaza si ustaarabu. Angeandika tu "Leo siwezi, bosi," ungejua pa kushika. Mwambie hilo, ila mkiwa wawili, siyo mbele ya wateja.

Keshia mpe likizo yake. Ni siku 28 za mwaka, Jumapili zikiwemo. Kaeni mpange tarehe, asije akaondoka kiangazi watu wakiwa kwenye ujenzi.

Na hilo gari, kama linatokea Tabora kwa njia ya Nguruka, tumia hiyo. Mwambie dereva akupigie akifika hapo. Kijana akiwa bado hajafunga stoo, muulize kama jioni hiyo anaweza kubaki, na umtajie malipo palepale. Akisema hawezi, chukua ufunguo, tafuta makuli, ukasimamie mwenyewe.