Wahunzi bado wapo

Umeuliza kama wahunzi bado wana kazi siku hizi. Wanayo, mkuu, tena nyingi, ila hawayeyushi tena mawe ya chuma. Yale matanuru marefu ya udongo ya Wafipa wa Rukwa, malungu, yalizimika enzi za mkoloni, majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani. Leo wanafua chuma chakavu, hasa springi za magari.

Anayesema kwamba kilimo cha kisasa kimewamaliza wahunzi aje Mbozi, mkoani Songwe, mvua zinapokaribia. Huku wengi tunalima kwa maksai, na ncha ya plau ikilika huitupi. Mhunzi anaichoma, anaigonga mpaka ichongoke, kesho yake uko shambani. Za kwetu tunampelekea kila msimu, maana mvua haingoji kipuri kitoke mjini. Nyengo na mapanga pia anatengeneza (bei mnapatana palepale, mahindi anapokea).

Ila angalia mtu unayempa: springi ni chuma kizuri, lakini ikipozwa vibaya hukatika ikigonga jiwe la kwanza. Na pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono), ikiharibika gia au injini, mpelekee makanika. Hiyo siyo kazi ya mhunzi.