Hofu Iliyo Ndani ya Nyumba: Ushauri kwa Anayetaka Kuzipenda Filamu za Kutisha za Kanada

Jumamosi iliyopita, katika sebule yangu hapa Edmonton, watu 11 walikaa kimya kwa saa moja na nusu wakitazama filamu ambayo karibu yote inatokea ndani ya kituo kimoja cha redio, na hakuna hata mmoja aliyegusa simu yake. Filamu hiyo ni Pontypool ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Bruce McDonald. Ilipokwisha, mzee mmoja wa kutoka Bukavu, ambaye sote humwita Baba Mkubwa, alisema kwamba yeye na mkewe wangepona bila shaka, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yao hawajawahi kuambiana neno la mapenzi kwa Kiingereza. Nitaeleza baadaye kwa nini maneno hayo yalinifurahisha kuliko sifa yoyote ambayo nimewahi kupewa.

Siku mbili baada ya jioni hiyo nilipata ujumbe wa msomaji aliye Mombasa. Aliandika: "Dada, umekuwa ukizisifu filamu za kutisha za Kanada kwa muda mrefu. Nilijaribu kutazama moja nikalala. Nianzie wapi?" Ninamjibu hapa hadharani, kwa kuwa ninaamini wengi wenu mnataka kile ninachokitaka mimi, yaani kuzielewa filamu hizi barabara na kuwafanya watu wenu wa karibu nao wazipende. Kabla sijatoa ushauri, hata hivyo, ni lazima nikiri kosa langu.

Majira ya baridi ya mwaka juzi niliwaalika ndugu na majirani kwa mara ya kwanza. Nilipika pilau, nikaazima projekta, nikaondoa meza ya kahawa ili watoto wakae chini, kisha nikawaonyesha Skinamarink. Niliichagua kwa sababu ilipigwa katika mji wetu huu huu, ndani ya nyumba ambamo mwongozaji wake, Kyle Edward Ball, alilelewa, kwa gharama ya takriban dola 15,000 tu. Watoto wawili wanaamka usiku, baba yao hayupo, na madirisha na milango ya nyumba inatoweka. Karibu muda wote kamera inatazama dari, kona ya ukuta au zulia lenye vitu vya kuchezea, na sura za watu hazionekani vizuri. Baada ya dakika 20 wifi yangu alicheka kwa sauti na kuuliza kama projekta ilikuwa imeharibika. Wengine wakacheka pamoja naye, mazungumzo yakaanza, na kabla ya nusu ya filamu wageni walikuwa wanavaa makoti yao mlangoni. Nilibaki na sufuria la pilau, huku filamu ikiwa bado inanong'ona. Sitaficha kwamba niliumia, na kwamba nilipita miezi kadhaa bila kumpigia wifi simu.

Niliumia kwa sababu ambayo sikuweza kumweleza mtu usiku ule. Hadithi ya Skinamarink imewekwa katika mwaka 1995. Mwaka huo nilikuwa mtoto wa miaka saba Unguja, na ndio mwaka ambao hofu ya popobawa, zimwi linalosemekana kuwavamia watu usiku vyumbani mwao, ilivipitia visiwa vyetu. Ninakumbuka watu wazima wakikataa kulala vyumbani mwao. Mikeka ilitandikwa uani na barazani, moto ukawashwa, na majirani ambao mchana hawakusalimiana wakalala bega kwa bega hadi alfajiri. Kwetu hofu iliwatoa watu nje na kuwakusanya. Nilipohamia hapa na kuuona mwezi wa Januari, wakati kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, nilielewa kwamba huku hakuna baraza la kukimbilia. Mtu akiogopa, amefungiwa pamoja na kile anachokiogopa. Hilo ndilo jambo moja ambalo ningependa ulichukue katika makala haya, kwa sababu ndilo ufunguo wa karibu kila filamu nzuri ya kutisha iliyotengenezwa Kanada: usimtafute zimwi, itazame nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze na Skinamarink kama nilivyofanya mimi. Anza na Black Christmas ya mwaka 1974, iliyopigwa Toronto na kuongozwa na Bob Clark. Wamarekani hupenda kusema kwamba filamu za muuaji anayewinda vijana zilianza na Halloween, lakini Halloween ilitoka mwaka 1978, miaka minne baadaye. Katika dakika za mwanzo kabisa za Black Christmas, tunaingia katika nyumba ya wanafunzi wa kike wa chuo tukiwa tunatazama kwa macho ya muuaji mwenyewe: tunapanda ukuta, tunapita dirishani, tunajificha darini. Wasichana walio chini wanasherehekea Krismasi, na sisi tunajua jambo wasilolijua. Kisha simu inalia, na sauti inayotoka humo si ya mtu mmoja; inalia, inatukana, inaigiza mtoto na mama na baba kwa pamoja, hadi unatamani kuziba masikio.

Kuna tukio ambalo nimelitazama zaidi ya mara kumi. Polisi wanataka kujua simu hizo zinatoka wapi, na katika siku zile kazi hiyo haikufanywa kwa kubonyeza kitufe. Fundi anakimbia kati ya safu ndefu za mitambo ya simu, akifuata waya kwa macho, huku Jess, anayeigizwa na Olivia Hussey, akijilazimisha kumsikiliza mwendawazimu yule ili simu isikatwe. Jibu linapopatikana, kwamba simu zinapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile, mwili unakufa ganzi hata kama ulilijua tangu mwanzo. Muuaji haelezwi hadi mwisho: hatuambiwi historia yake wala sababu zake, na sura yake nzima hatuioni, isipokuwa jicho lake kwenye ufa wa mlango. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa upungufu. Mimi ninaona ni ujasiri ambao waongozaji wengi wa leo hawana.

Ukishaipenda hiyo, utakutana na rundo kubwa la filamu za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hapo unahitaji kuchagua kwa makini. Wakati huo sheria ya kodi ya Kanada ilimruhusu mwekezaji kuondoa asilimia 100 ya fedha alizoweka katika filamu ya Kikanada kutoka katika mapato yake yanayotozwa kodi. Madaktari na mawakili wakawa wafadhili wa sinema kwa ghafula, na nyingi kati ya filamu hizo zilijitahidi kuficha zilikotoka: Toronto ilivishwa bendera za Marekani na magari yakabadilishwa namba. Prom Night ya mwaka 1980 ni mojawapo ya zilizofanikiwa sana, nami sijawahi kuipenda, kwa sababu haina mahali pake. Unaweza kuihamishia mji wowote na hakuna kitakachobadilika.

Linganisha na My Bloody Valentine ya mwaka 1981, ya George Mihalka, iliyopigwa katika mgodi halisi wa makaa ya mawe huko Sydney Mines, Nova Scotia. Muuaji amevaa vazi la mchimbaji na kinyago cha kuvutia hewa, lakini kinachonishika ni mji wenyewe: vijana waliorudi nyumbani baada ya kukosa kazi kwingine, baa moja, mgodi mmoja, na njia moja ya kushuka chini. Inasimuliwa kwamba wenyeji, kwa heshima ya wageni, waliusafisha na kuupaka rangi mgodi ule kabla ya upigaji picha, na watengenezaji wakalazimika kutumia fedha kuuchafua upya. Tafuta toleo la mwaka 2009, ambalo lilirudishiwa sehemu nyingi zilizokuwa zimekatwa ili filamu ikubalike Marekani. Katika kipindi hicho hicho usiiache The Changeling, iliyoshinda tuzo ya filamu bora katika mwaka wa kwanza wa Tuzo za Genie, zilizokuwa tuzo za filamu za Kanada. Hadithi inajidai kutokea Seattle ingawa ilipigwa British Columbia, na kwa kawaida ningelilalamikia hilo, lakini mpira mmoja mdogo unaoteremka ngazi peke yake umenifanya niisamehe.

Sasa mwongozaji David Cronenberg. Wengi huniuliza juu yake kabla ya yeyote mwingine, nami huwasihi wasubiri, kwa kuwa kwake yeye nyumba iliyovamiwa ni mwili wa binadamu. Shivers ya mwaka 1975 inaanza na jengo la kifahari la ghorofa kwenye kisiwa kilicho ubavuni mwa Montreal, ambamo vimelea vinapita kutoka mwili hadi mwili na kuwaondolea wakaazi haya yote. Fedha zake kwa sehemu zilitoka katika shirika la umma la kuendeleza filamu, na mhakiki Robert Fulford aliandika, chini ya jina la kubuni, kwamba wananchi wanapaswa kujua jinsi filamu hiyo ilivyo mbaya kwa sababu wao ndio walioilipia. Suala hilo lilifika Bungeni. Filamu hata hivyo ilirudisha fedha zake, jambo ambalo filamu nyingi za heshima zilizofadhiliwa na shirika hilo hazikuweza. Nilipoisoma habari hiyo, wiki chache baada ya jioni yangu iliyoharibika, nilifarijika sana. Ukiwa umewahi kuchekwa kwa ajili ya kitu unachokipenda, jua kwamba walio mbele yako walichekwa na taifa zima na wakaendelea na kazi.

Kati ya kazi za Cronenberg, mimi ninaishikilia The Brood ya mwaka 1979, aliyoiandika baada ya ndoa yake kuvunjika na kugombania malezi ya binti yake. Ni filamu yenye uchungu mkali, na nadhani haimtendei haki mwanamke aliye katikati yake, lakini hasira iliyomo si ya kuigiza: inageuka viumbe vyenye mikono na miguu vinavyotembea theluji ikiwa imetanda. Mtu aliyewahi kushuhudia talaka mbaya katika familia aitazame akiwa na mwenzake.

Cube ya Vincenzo Natali, ya mwaka 1997, ni somo kwa kila mmoja wetu anayesema hana fedha za kutengeneza filamu. Watu kadhaa wanaamka ndani ya jengo lenye maelfu ya vyumba vinavyofanana, vingine vikiwa na mitego ya kuua. Kwa kweli kilijengwa chumba kimoja kamili tu, chenye futi 14 hivi kwa kila upande, na taa za rangi mbalimbali zikafanya mengine. Ginger Snaps ya mwaka 2000, juu ya dada wawili na mmoja wao anayeanza kugeuka mbwa mwitu, itazame na binti zako wakubwa. Imebeba ukweli juu ya kubalehe ambao sisi wazazi huuzungukazunguka. Na ukipenda taharuki isiyo na mazimwi kabisa, Les Chambres rouges ya Pascal Plante, ya mwaka 2023, inakuweka katika mahakama ya Montreal karibu na mwanamke anayewahi kila siku kumtazama mshtakiwa wa mauaji ya wasichana. Mauaji hayaonyeshwi. Unasikia sauti na kuona nyuso za wanaotazama, na hiyo inatosha.

Kuna filamu moja ambayo ninaihesabu kuwa wajibu, hasa kwetu sisi tuliokuja kuishi katika nchi hii na kupewa karatasi zake. Blood Quantum ya mwaka 2019 iliongozwa na Jeff Barnaby, Mmi'kmaq, yaani mtu wa mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Kanada, aliyezaliwa katika eneo lao la Listuguj huko Quebec, ambaye alifariki mwaka 2022 akiwa bado na mengi ya kutupa. Wafu wanafufuka na kuwala walio hai, lakini wenyeji wa asili hawaambukizwi, na weupe wanakuja kwenye lango la eneo lao wakiomba hifadhi. Hadithi imewekwa katika mwaka 1981, mwaka ambao polisi wa Quebec waliivamia Listuguj kwa sababu ya uvuvi wa samoni, na tukio la kwanza ni la samoni waliokwisha kupasuliwa ambao wanaanza kurukaruka. Hapa swali la nyumba linageuzwa: nani mwenye nyumba, nani mgeni, na nani anayebeba ugonjwa? Mhamiaji anayeishi hapa bila kujiuliza maswali hayo amechagua kufumba macho, nami ninalisema hilo kwa ndugu zangu bila kuomba radhi.

Narudi Pontypool, kwa kuwa niliahidi. Mtangazaji Grant Mazzy, anayeigizwa na Stephen McHattie, yuko kazini katika kituo kilicho chini ya kanisa, nje kuna dhoruba ya theluji, na habari za ajabu zinaingia kwa simu: makundi ya watu yanarudiarudia maneno na kushambuliana. Polepole inabainika kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya lugha ya Kiingereza, hasa katika maneno ya upendo, na kwamba kuelewa neno ndiko kuambukizwa. Walio ndani wanajaribu kuongea Kifaransa chao kibovu ili wapone. Ndipo Baba Mkubwa aliposema yale aliyosema, na sebule nzima ikaanza kujadili ni nani kati yetu anayeota kwa Kiingereza siku hizi, na watoto wetu wangesalimika au la. Mazungumzo yaliendelea hadi saa sita usiku. Wifi hakuwapo, nilimwalika, akasema ana zamu kazini.

Basi, ndugu yangu wa Mombasa, zima taa zote, weka simu katika chumba kingine, ongeza sauti hadi usikie ngazi zikilia, na usitazame ukiwa umechoka. Tazama Black Christmas wiki hii, kisha My Bloody Valentine, kisha Pontypool, na Skinamarink iwe ya mwisho, usiku, ukiwa peke yako. Fundi wa simu atakapoanza kukimbia kati ya mitambo, niandikie uniambie kama uligeuka kuutazama mlango wako.